Kitabu cha likizo kubwa: ni kodi ao ni zawadi?

(Mawazo juu ya watoto wanaoingia kalasi ya saba)

1. Swali la nkambo mmoja

Kila mwaka mwanzoni mwa mwezi wa saba, siku ya kutangaza matokeo, uwanja wa shule unajaa wazazi tangu asubuhi. Wengine wameficha poda mfukoni, tayari kumwagia mtoto wao kichwani akifaulu. Wengine wamebaki nje ya lango sababu bado wana deni. Shule ninayofundisha, hapa Kalemie, iko na msingi na sekondari pamoja, na mimi nafundisha Kifaransa katika kalasi ya saba na ya nane. Kwa hiyo siku hiyo nina kazi yangu: nagawia watoto waliomaliza kalasi ya sita karatasi moja, na juu yake nimeandika vitabu vitatu. Nawaambia: chagueni kimoja, mkisome katika likizo, mwezi wa tisa mniletee muhtasari wa ukurasa mmoja.

Mwaka mmoja mama mzee alikuja na mjukuu wake. Alichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku, akaniuliza: « Mwalimu, mutoto ametoka tu mu masomo, na weye unamupatia tena kazi? Hata shamba, tunaiachaka ipumuzike. »

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikamjibu kwa maneno mengi ya kiualimu: kiwango, msingi, maendeleo. Yeye akasema tu « Sawa, Mwalimu, » akakunja karatasi akaifunga katika ncha ya kitenge, mahali anapofungaka franga zake. Lakini swali lake sikulifunga. Nimekuwa nalo miaka. Hili si swali la programu ya shule. Ni swali la haki: mtu mzima ana haki gani ya kuingia katika mapumziko ya mtoto na kumwambia « soma »? Na kama haki hiyo ipo, inamdai mtu mzima nini?

2. Neno moja, mambo mawili

Tuanze na lugha, sababu mara nyingi shida inaanzia hapo. Katika Kiswahili chetu, mtu mwenye kitabu mkononi « anasoma ». Mtoto aliyeandikwa shuleni naye « anasoma », hata kama saa hii yuko anacheza mpira. Mwenye diploma « amesoma », hata kama tangu siku ya kupata diploma hajafungua tena kitabu. Na shule yenyewe tunaiita « masomo »: mtoto anakwenda ku masomo, anatoka ku masomo.

Kifaransa kina maneno mawili tofauti kwa mambo haya. Sisi tuna moja, na linatubeba bila sisi kujua. Kwa kuwa kusoma kitabu na kuwa shuleni vina jina moja, tunaona kwamba shule ikifungwa, na kitabu kinafungwa. Tena tunaona kwamba kila kitabu lazima kiwe na mtihani, pointi na fimbo nyuma yake. Nkambo yule hakukataa hadisi. Hakuna nkambo anayekataa hadisi. Alikataa kazi ya shule iliyomfuata mjukuu wake mpaka nyumbani. Na tuseme ukweli, karatasi yangu ilikuwa kazi ya shule.

Kwa hiyo swali letu linagawanyika. Kama kusoma ni shule tu, basi nkambo yuko na haki: mtoto amefanya kazi miezi kumi, aachwe. Kama kusoma ni kitu kingine, tuseme ni nini.

3. Mababu walisoma

Wengi wanasema kwamba kusoma kuliletwa na wazungu na wamisionari, na kwamba sisi ni watu wa kinywa. Herufi zililetwa, ndiyo. Lakini kusoma?

Kwa Waluba kulikuwa, na mahali pengine bado kuko, kitu kinachoitwa lukasa. Ni ubao mdogo wa mti, unaoenea katika mkono, mwembamba kidogo katikati. Juu yake kuna shanga, simbi, misumari midogo ya chuma na michoro iliyochongwa. Mtu wa chama cha Mbudye anaushika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kuume anagusa shanga moja moja. Kila anapogusa, anasema: huyu ni mfalme fulani, hii ni njia aliyopita, hapa ni mahali patakatifu, hawa ni wakubwa wa kiti. Historia yote ya ufalme imelala pale, na kidole ndicho kinaiamsha. Kama hiyo si kusoma, sijui kusoma ni nini.

Na jirani zetu Warega wana mutanga, kamba yenye kufungiwa vitu vidogo vidogo, na kila kitu ni mezali. Unashika kitu, unataja mezali yake, unaeleza. Kamba yote ni kitabu cha mayele.

Katika vitu hivi viwili mimi kama mwalimu nimeona mambo matatu.

La kwanza: hakuna aliyesoma lukasa peke yake kwa kunyamaza. Ilisomwa mbele ya watu. Aliyesoma alikuwa anasikilizwa.

La pili: ubao ule ule haukutoa maneno yale yale kila siku. Msomaji alitazama ni nani wamekaa mbele yake na ni jambo gani limewakutanisha. Kusoma hakukuwa kurudilia kama kasuku. Kulikuwa ni kutoa katika kumbukumbu kitu ambacho watu wa leo wanahitaji.

La tatu, na hili tusilifiche kwa kupenda sana mambo ya zamani: lukasa haikuwa ya kila mtu. Mbudye ilikuwa chama chenye ngazi na siri zake, na aliyebaki nje alibaki nje. Hapo kitabu cha karatasi kina ubora wake. Mtoto wa mchuuzi wa ndakala akijua kusoma, kitabu hakimwulizi baba yake ni nani wala amelipa mbuzi ngapi.

Kwa hiyo tukimpa mtoto kitabu hatumtoi katika desturi. Tunaweza kumrudisha ndani yake, lakini kwa sharti: kitabu kiwe na msikilizaji.

4. Hadisi iliyosafiri kuliko sisi

Nitoe mfano. Katika mwaka 1956, kule kwa Wanyanga, upande wa Walikale, msimulizi Shé-Kárisi Rureke aliimba na kusimulia na kucheza hadisi ya Mwindo muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika kila neno. Katika mwaka 1969 hadisi ilitoka kama kitabu huko California, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, kwa Kinyanga na Kiingereza.

Mwindo ni mtoto ambaye baba yake, mwami Shemwindo, hakumtaka, sababu alikuwa ameamuru wake zake wazae wasichana tu. Alijaribu kumwua, akamfungia katika ngoma akamtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, alirudi, alimfuata baba mpaka kuzimu, na mwishoni walipatana. Lakini hadisi haiishii kwenye ushindi. Mwindo anaua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, Radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni mwaka mzima, anateswa na baridi na jua, anafundishwa kwamba ukubwa si nguvu ya kuua. Ndipo anarudi, na ndipo anakuwa mwami wa kweli.

Mimi si Mnyanga. Kama isingekuwa kitabu, hadisi hii isingetoka milima ya Walikale kufika kwangu. Kitabu kinavuka mto, kinavuka kabila, na katika inchi yetu, ambamo watu wengi wamekufa juu ya kabila, hilo si jambo dogo. Lakini tazama upande wa pili: kitabu kile kiko kwa Kinyanga na Kiingereza, lugha mbili ambazo mtoto wa Kalemie hajui hata moja. Hadisi ilitoka kinywani mwa mzee wetu, ikavuka bahari, ikawa kitabu, na ili ifike kwa mtoto wetu lazima irudi tena kinywani. Kila mwaka ninawasimulia kalasi ya saba Mwindo kwa Kiswahili, nimesimama, kisha tunaandika kwa Kifaransa tulichokisikia. Hawasinzii.

Tunapenda sana kurudilia lile neno la mzee Amadou Hampâté Bâ wa Mali, kwamba mzee akifa ni maktaba imeungua. Kila matanga yuko mtu wa kulisema. Mimi nauliza: wewe unayelia juu ya maktaba iliyoungua, ilipokuwa ingali wazi uliingia mara ngapi?

5. Mlango wa kalasi ya saba

Juu ya nini basi likizo hii moja, ya kati ya kalasi ya sita na ya saba, na si nyingine?

Kwa sababu ni mlango. Zamani tulisema mtoto amemaliza primeri, anaingia segondeeri. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 2014, kalasi ya saba na ya nane zimewekwa kuwa mwisho wa elimu ya msingi, lakini kwa mtoto mabadiliko ni yale yale. Jana alikuwa na mwalimu mmoja, aliyejua jina la mama yake na siku ambayo hakula. Kesho atakuwa na walimu wengi, kila mmoja na somo lake, saa yake, hasira yake. Jana aliweza kufanya mambo kwa kusikia. Kesho atapewa ukurasa wa biolojia ao wa jeografia kwa Kifaransa na kuambiwa: « Kesho intero. » Katika shule ya msingi anajifunza kusoma. Kuanzia hapa lazima asome ili ajifunze. Yule ambaye kusoma kwake bado ni kutamka silabi atazama, na hatazama sababu ni mjinga. Atazama sababu hakuna aliyemwambia kwamba maji yamekuwa marefu.

Kuna tena mlango wa mali. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, na watoto wengi waliingia. Kwenye kalasi ya saba mzazi anaanza tena kutafuta minervali. Kwa hiyo likizo hii, ambayo tunaiita mapumziko, kwa familia nyingi ni miezi mbili ya kuuza. Tembea sokoni mwezi wa nane, utaona watoto niliowapa karatasi: huyu na karanga, huyu na maji baridi, huyu na sahani ya samaki kichwani.

Wazee walijua kwamba umri huu ni mlango. Kwa Walunda na Wachokwe, vijana wa miaka hiyo walipelekwa mukanda, kando ya kijiji, wakati wa kiangazi. Huko walitahiriwa, walifundishwa nyimbo, mafumbo, heshima. Aliyerudi hakuitwa tena mtoto. Sisemi turudishe fimbo na hofu za kule. Nasema wazee hawakumwacha mtoto avuke mlango peke yake gizani. Sisi tunampa poda kichwani, tunampiga picha kwa telefone, kisha tunamwacha mpaka mwezi wa tisa.

6. Kosa langu

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike.

Katika mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda sana. Watu wengi wa kando ya maji walihama na vitanda na sufuria zao, wakakaa kwa ndugu, watu kumi ao kumi na tano katika nyumba moja. Mwezi wa saba niligawa karatasi zangu kama kawaida. Mtoto mmoja mwanaume, mwenye mwili mdogo, alikuja kuniomba kitabu sababu kwao hapakuwa na namna ya kununua. Nilimwazima kimoja changu, hadisi ya kurasa kama 60, ya mtoto aliyepotea msituni na mbwa wake. Nikamwambia: « Uniletee kitabu na muhtasari. »

Mwezi wa tisa alirudi. Kitabu kilikuwa kimevimba kwa maji, kurasa zimeshikana, ganda halipo. Muhtasari haukuwepo. Nilimwuliza mbele ya kalasi yote. Alitazama chini. Kwetu mtoto hajibishani na mwalimu, na mimi nilichukua kunyamaza kwake kuwa ni jibu. Nikaandika zero katika kitabu cha pointi, nikasema kwa sauti: « Huyu alilala likizo nzima. » Kalasi ilicheka. Nilitaka icheke.

Miezi miwili ikapita. Kulikuwa na matanga upande ule wa watu waliohama, nikaenda kulala huko pamoja na wanaume wengine. Usiku wa manane, nilipokuwa napasha mikono kwenye mbabula, nikasikia watoto kando yangu wanasimuliana. Mtoto amepotea. Ana mbwa. Mbwa anasikia maji, anamwongoza. Ilikuwa hadisi ya kitabu changu, lakini msitu umekuwa matete ya mto Lukuga, na mnyama mkali wa kule amekuwa mamba. Jina la Kifaransa la mbwa limekuwa « Usiogope ». Tena kulikuwa na wimbo, ambao katika kitabu haumo. Watoto wote walikuwa wanaujua.

Nikauliza: « Nani aliwafundisha? » Wakamtaja yeye. Wakaniambia kwamba katika likizo alikuwa anasoma kwa taa ya jirani, ukurasa kwa ukurasa, na kila jioni aliwaambia alipofika. Nyumba ilijaa watu, kitabu kilikuwa kimoja, kilipita mikono yote. Usiku mmoja mvua ya kwanza ilipita katika bati na kukilowesha. Walikianika juani siku tatu.

Ndugu msomaji, nilikaa pale na aibu yangu mpaka asubuhi. Mtoto yule alikuwa amefanya kile ambacho mtu wa lukasa alifanya: alisoma mbele ya watu, akachagua maneno kufuatana na waliokaa mbele yake. Watu waliopoteza nyumba kwa maji, yeye aliwapa mbwa anayejua njia ya maji. Na mimi nilimpa zero sababu hakuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa.

Nilipomtafuta shuleni, hakuwepo tena. Wiki mbili mbele alikuwa amerudishwa nyumbani juu ya minervali. Nikaenda kwao. Mama yake aliniambia kwa adabu kwamba amekwenda Moba kwa mjomba wake kuvua samaki, na kwamba labda atarudi. Nilifuta ile zero katika kitabu cha pointi. Mpaka leo hajarudi. Siwezi kusema kwamba aliacha masomo juu ya zero yangu, ukosefu wa franga ulitosha. Lakini siku aliyoondoka aliondoka akijua kwamba mwalimu wake wa kwanza wa sekondari alimwita mvivu mbele ya watu, na hilo franga haikulifanya. Nililifanya mimi.

7. Kodi na zawadi

Kutokea hapo nimejaribu kupanga mawazo yangu, na nimefika hapa.

Kodi na zawadi zote mbili zinapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tofauti yao ni hii: anayetoza kodi anamdai aliye chini yake, kisha anangoja. Anayetoa zawadi anajifunga yeye mwenyewe. Ukimpa mtu kuku, lazima umjue, ujue kama ana mahali pa kumlaza. Karatasi yangu ya vitabu vitatu ilikuwa kodi. Nilidai, nikakaa miezi mbili bila kuuliza kitu, kisha nikaja kuhesabu. Kosa halikuwa kumwomba mtoto asome. Kosa lilikuwa kumwomba asome bila mimi kuwa tayari kusikiliza.

Kwa hiyo namjibu nkambo: ndiyo, tuna haki ya kumpa mtoto kitabu katika likizo, tena kwenye mlango huu ni lazima kwetu, sababu kumwacha azame ni dhambi kuliko kumsumbua. Lakini haki hiyo inanunuliwa kwa wakati wetu wenyewe. Mzazi asiyetaka kutoa nusu saa jioni asimlaumu mtoto kwamba hapendi kusoma.

Nasikia wanaonibishia, na wengine wana haki.

Wa kwanza anasema: « Mtoto anatafuta franga ya masomo, atasoma saa ngapi? » Ni kweli. Ndiyo maana kitabu kimoja kinatosha. Vitabu vitatu ni kujionyesha kwa mwalimu. Kurasa mbili kwa siku, katika miezi mbili, ni zaidi ya kurasa mia moja.

Wa pili ni mama: « Na msichana je? » Hapa naomba kila baba ajitazame, na mimi naanza. Nyumbani kwangu, likizo moja, nilimsifu kijana wangu kwamba anasoma kila jioni. Siku moja niliangalia vizuri: alipokuwa anasoma, dada yake, mkubwa wake kwa mwaka mmoja, alikuwa anachota maji kwa bido, anawasha makala, anasonga bukari, anaosha sahani. Alipomaliza, taa ilikuwa imezimwa. Mmoja alikuwa na likizo, mwingine hakuwa nayo, na mimi niliita hiyo mapenzi ya kusoma kwa mmoja na uvivu kwa mwingine. Mapumziko pia ni mali ya nyumba, na mali ya nyumba inagawanywa kwa haki. Kijana anaweza kuosha sahani. Mikono yake haitaanguka.

Wa tatu ni mwalimu mwenzangu: « Asome kwa Kifaransa tu, Kiswahili anakijua tayari. » Kaka, Kiswahili cha sokoni anakijua. Hadisi, mezali, maneno ya kueleza huzuni na haki, hayo hajui, sababu hatumpi. Asome kwa Kifaransa, asimulie kwa Kiswahili ao kwa lugha ya nkambo wake. Ambaye hawezi kusimulia alichosoma, alitamka tu. Na mtihani huu hauombi biki wala karatasi.

Wa nne ni mzee: « Mtoto aliyeinamia kitabu wakati wakubwa wanaongea hana adabu. » Mzee, ni kweli tumewaona. Tena siku hizi kitabu kimepungua, wameinamia telefone. Lakini dawa si kumnyang’anya kitabu. Mwambie: leo niliongea mimi, kesho utaongea wewe, utuambie yaliyo ndani.

8. Tufanye nini?

Mambo madogo, ambayo yanawezekana hapa kwetu:

Shule itoe kitabu kimoja, si orodha. Kama vitabu ni vichache, watoto watano wa avenyu moja washiriki kimoja, wapange siku zao. Kikirudi kimechakaa, mwalimu asikasirike haraka. Aulize kwanza kimepita kwa nani.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Kazi yake si kusahihisha Kifaransa. Kazi yake ni kuuliza: « Leo mtoto yule amefika wapi? » Anayeuliza hivyo jioni ameshafanya zaidi ya nilivyofanya mimi na diploma yangu.

Nkambo naye atoe hadisi moja kwa kila hadisi ya kitabu. Mtoto aiandike katika kaye yake, kwa lugha iliyosimuliwa. Mwezi wa tisa alete kaye hiyo. Chama chetu cha utamaduni kinaweza kuzikusanya: kalasi moja ya watoto 50 ni hadisi 50 ambazo hazitaungua na mwenyewe.

Na mwalimu, siku ya kwanza, aache kitabu cha pointi ndani ya mfuko. Akae kwenye benchi pamoja na watoto, mmoja asimame mbele aanze. Mimi nafanya hivyo tangu 2025. Inachukua siku tatu, na prefe wangu alinung’unika kwamba napoteza saa. Nilimwalika. Alikuja dakika kumi, alibaki mpaka kengele.

9. Kwisho

Nkambo yule alisema shamba tunaliacha lipumzike. Nilizaliwa na wakulima, ningepaswa kumjibu vizuri zaidi. Shamba lililoachwa halikai tupu. Linaota majani, linaota vichaka, ndege wanaleta mbegu ambazo hakuna aliyepanda, na ndizo zinazorudisha nguvu ya udongo. Mwenye shamba halimi wakati ule, lakini anapita kuangalia. Anajua kilichoota.

Mwezi wa saba ukija, karatasi yangu itakuwa na jina la kitabu kimoja tu, na chini yake mstari kwa mzazi: « Tafadhali, kila jioni, umsikilize. » Na yule kijana wa Moba, kama siku moja atapita mlango wa kalasi yangu, hata akiwa na ndevu, nitamwomba atusimulie ya mbwa aitwaye Usiogope, pamoja na wimbo wake. Mimi nitakaa kwenye benchi.